Mizani ya Usafiri ni Abiria

Hakuna mkaazi wa mji wetu wa Zanzibar asiyejua maana ya kusimama kituoni saa kumi ya jioni, jua likimpiga utosini, huku magari ya abiria yakimpita moja baada ya jingine, ama yamejaa, ama hayataki kusimama. Hiyo ndiyo hali ya mfanyakazi anayetoka kazini, ya mama anayerejea hospitali na mtoto mikononi, na ya mwanafunzi ambaye utingo akiiona sare yake ya skuli tu hugeuza uso, kwa sababu nauli yake ni pungufu. Leo tunataka kulizungumza jambo hili kwa uwazi, si kwa nia ya kumtafuta wa kumlaumu, bali kwa nia ya kujenga.

Kwanza tuitazame hesabu. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 893,169. Katika miaka kumi tu wameongezeka watu wanaokaribia laki tatu, na mkoa huo mmoja sasa unabeba karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Wengi wa walioongezeka hawakupata nafasi Mji Mkongwe wala Ng'ambo ya zamani. Wamejenga Fuoni, Tomondo, Kisauni, Bububu na Mwera, mahali ambapo wazee wetu waliona minazi na mihogo. Lakini ofisi, hospitali kubwa, masoko na bandari kwa sehemu kubwa zimebaki pale pale zilipokuwa. Kwa hiyo kila alfajiri maelfu ya watu huelekea upande mmoja, na kila jioni maelfu hao hao hutaka kurudi kwa wakati mmoja.

Haja ya kuunganisha mji na viunga vyake si ngeni katika kisiwa chetu. Mwaka 1905 gari moshi lilianza kwenda baina ya mjini na Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Kabla ya mwaka 1930 lilikuwa limekwisha nyamaza, kwani magari ya barabarani yalilishinda. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa daladala, nasi hatuna budi kusema haki: bila ya madereva na matingo hawa, wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri, mji huu ungesimama. Kosa lililopo halitokani na ubaya wa nyoyo zao. Linatokana na mpango tuliowawekea.

Mpango wenyewe ni huu. Dereva hupewa gari na mwenye gari, na jioni hutakiwa apeleke hesabu. Kinachozidi baada ya mafuta na hesabu hiyo ndicho chake na utingo wake. Mtu aliyefungwa na masharti hayo atafanya nini? Atasubiri kituo cha mwanzo mpaka gari lijae, ingawa aliyeingia kwanza ameketi humo muda mrefu. Barabarani atashindana na mwenzake kuwahi abiria. Akiona mbele hakuna watu, atakatisha njia na kuwateremsha waliobaki. Atamkimbia mwanafunzi, kwani kiti cha mwanafunzi kinamtia hasara. Na baada ya sala ya isha, abiria wanapopungua, ataliweka gari lake. Kila moja katika mambo hayo lina maana kwa dereva, na kila moja ni dhiki kwa abiria.

Hapa ndipo tunapotaka kuwauliza wakubwa wanaohusika: usafiri wetu tunaupima kwa kipimo gani? Mara nyingi jibu huwa ni idadi ya magari yaliyosajiliwa na leseni zilizotolewa. Kipimo hicho hakitoshi, na mfano mwepesi utaonyesha. Tuchukue njia yenye magari sita kwa saa. Yakipita moja kila baada ya dakika kumi, abiria anayefika kituoni wakati wowote atasubiri dakika tano kwa wastani. Magari hayo hayo sita yakiwa yanafuatana mawili mawili kila baada ya dakika ishirini, atasubiri dakika kumi. Magari hayakupungua hata moja, lakini dhiki imezidi mara mbili. Kwenye daftari la leseni, njia hizi mbili ni sawa. Kwa aliyesimama juani, haziko sawa hata kidogo.

Wenzetu wameligundua hilo. Mjini London, njia zenye mabasi ya mara kwa mara hupimwa kwa muda wa ziada ambao abiria husubiri kuliko ule aliostahiki kusubiri. Kampuni zinazoendesha mabasi hayo hulipwa kwa kuendesha safari kama zilivyopangwa, na nauli huenda kwa mamlaka ya usafiri ya mji. Dereva wa huko hana sababu ya kusubiri gari lijae wala ya kumkimbia mtoto wa skuli.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari yetu, imepita njia ndefu: shirika la umma la UDA lililoanzishwa mwaka 1974, kisha ruhusa ya magari ya watu binafsi mwaka 1983, kisha mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 baina ya Kimara na Kivukoni. Mwendokasi ulionyesha kwamba basi likipewa njia yake peke yake, safari hufupika sana. Lakini katika miaka iliyofuata uhaba wa mabasi ulizaa misururu vituoni, na watu wakajua kwamba njia nzuri bila ya magari ya kutosha haimfikishi mtu kwake. Tuyachukue mafunzo yote mawili.

Sisi tunapendekeza mambo manne. La kwanza, upimaji uanzie kituoni. Vijana wa vyuo wakishirikiana na masheha wahesabu, kwa saa zilizopangwa, abiria amesubiri muda gani, magari mangapi yamempita, na wanafunzi wangapi wameachwa. Matokeo yatangazwe gazetini na redioni, njia kwa njia.

La pili, leseni ya njia iwe ni ahadi. Iandikwe ndani yake gari la kwanza na la mwisho ni saa ngapi, na njia inaishia wapi. Anayekatisha njia kila siku asiongezewe muda kama kwamba hakuna lililotokea. Saa za Ramadhani nazo zipangwe mapema, ili saumu zisiwakute watu vituoni wakati magari yote yamekwisha kwenda kufuturu.

La tatu, wenye magari wa njia moja waungane katika ushirika, mapato yagawanywe kwa safari zilizofanywa, si kwa vichwa vilivyogombaniwa. Na pengo la nauli ya mwanafunzi lisibebwe na dereva peke yake. Kumsomesha mtoto ni wajibu wa jamii nzima, basi na kumfikisha skuli ni hivyo hivyo.

La nne, kituo kiwe kituo: paa la kuzuia jua na mvua, ubao wenye namba za njia na nauli, na nafasi ya gari kusimama bila ya kuziba barabara. Katika barabara kuu, saa za asubuhi na jioni, gari la abiria lipewe kipaumbele kuliko gari lenye mtu mmoja.

Wako watakaosema fedha hazipo, na wenye magari watasema mafuta na vipuri ni ghali. Hatuwapingi. Lakini gharama ya usafiri mbaya tayari inalipwa. Anailipa kibarua anayekatwa ujira kwa kuchelewa, mgonjwa anayekosa zamu yake ya daktari, na msichana anayekikosa kila siku kipindi cha kwanza. Wao hulipa kimya kimya, na malipo yao hayaandikwi katika bajeti yoyote.

Aisifuye mvua imemnyea. Kiongozi anayesema usafiri wetu ni mzuri, na yule anayesema ni mbaya, wote wawili kwanza wanyeshewe. Tunawaomba ndugu zetu wenye dhamana, wa wizara na wa manispaa, waache magari ya Serikali nyumbani kwa wiki moja, waende kazini na kurudi kwa daladala, bila ya kutangaza na bila ya kupishwa kiti. Nasi makada tusijitoe, twende nao.

Tulipokuwa wadogo chuoni tulifunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Udhia si jiwe na mwiba peke yake. Mtoto aliyeachwa kituoni giza linaingia naye ni udhia uliomo njiani mwetu, na kuuondoa ni wajibu wetu.