Mikataba ya Kuhuisha Mazingira: Nani Anaisoma?

Ni jambo lisilopingika kuwa sehemu kubwa ya wanyamapori wa nchi hii huishi nje ya mbuga za serikali, katika mashamba ya watu binafsi na katika ardhi za jamii. Kadhalika, nyika na misitu mingi iliyoharibika haiko mikononi mwa serikali pekee. Ndiyo maana, hasa baada ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 kuitambua hifadhi ya jamii na ya mtu binafsi kuwa njia halali ya kuitumia ardhi, kazi ya kuirejeshea ardhi uhai wake imekuwa kazi ya ubia. Upande mmoja yuko mwenye ardhi, awe mtu mmoja au kijiji kizima. Upande wa pili kuna shirika, mwekezaji au idara ya serikali. Katikati yao kuna karatasi. Makala haya yanahusu karatasi hiyo, na hususan lugha iliyoandikiwa.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika uwanja wa wanaikolojia. Jibu langu ni kwamba sayansi yenyewe si kitendawili kikubwa tena. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, pale palikuwa uwanda mweupe wa mawe usioota kitu. Mvinje ulistahimili. Majani yake makavu yalikataa kuoza, hata majongoo walipoletwa wakayala na kuyageuza mboji. Hivi leo pana msitu, mabwawa na wanyama. Lakini tukumbuke kwamba pale mwenye ardhi alikuwa mmoja, tena kampuni. Hakulazimika kumwuliza jirani yeyote mifugo wake watakula wapi wakati wa kiangazi. Ugumu huanza pale wenye ardhi wanapokuwa wengi, na miongoni mwao wamo wasioelewa kinachosomwa.

Tuchukue mfano wa Mara. Ranchi za pamoja zilizoundwa kwa mujibu wa sheria ya 1968 ziligawanywa, kila mwanachama aliyeandikishwa akapata hatimiliki yake. Baadaye hifadhi kama Olare Orok, iliyoanzishwa mwaka 2006, ziliwaomba wenye hatimiliki hao waviunganishe tena vipande vyao kwa njia ya kukodisha: wahamishe maboma, wafuate utaratibu wa malisho, nao wenye kambi za watalii wawalipe kodi. Sikatai kwamba mpango huu umeziokoa nyanda nyingi zisikatwekatwe kwa nyua. Hata hivyo, hatimiliki nyingi ziliandikishwa kwa majina ya wanaume. Mama anayekamua ng'ombe na kutafuta kuni hayumo katika mkataba, ilhali masharti ya mkataba humbana yeye kabla ya mwingine yeyote. Tena mwaka 2020, watalii walipotoweka kwa sababu ya maradhi ya korona na malipo yakapunguzwa katika hifadhi kadhaa, ndipo uzito wa kifungu cha malipo ulipodhihirika. Kifungu cha namna hiyo hustahili kueleweka siku ya kutia sahihi, wala si siku ya njaa.

Kaskazini mambo yamefika mahakamani. Shirika la Northern Rangelands Trust, lililoanzishwa mwaka 2004, limesaidia kuunda hifadhi nyingi za jamii katika kaunti za wafugaji, na wapo wanaolishukuru kwa usalama na kwa ajira. Lakini Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za Kaunti ya Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Neno 'kushirikishwa' lina uzito hapa. Kuitwa mkutanoni, kupewa soda na kuandika jina katika orodha ya waliohudhuria si kushiriki. Anayeshiriki ni yule anayeweza kukinukuu kifungu na kukipinga. Je, mzee wa Merti atakipinga vipi kifungu kilichoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili?

Sasa na tuteremke hadi Gazi, Kaunti ya Kwale. Hapa pana mradi ambao jina lake tu lilitosha kunivutia: Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda na kupanda mikoko katika eneo la hekta 117, na kuuza kiasi cha hewa ya ukaa ambacho mikoko hiyo hukihifadhi. Msitu ni wa serikali, kwa hiyo wenyeji waliingia katika makubaliano na Idara ya Misitu kupitia chama chao cha msitu, huku wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi wakiwapa maarifa. Fedha zilizopatikana zimetumika kuvuta maji ya mfereji na kununua vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huu ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wataalamu hueleza mafanikio hayo kwa sababu nyingi: eneo ni dogo, fedha zinaonekana, watafiti wako karibu. Yote ni kweli. Mimi naongeza moja ambayo sijaona ikitiliwa mkazo. Mtu wa Gazi ana lugha ya kuuzungumzia msitu ule. Anapokwenda pwani maji yakiwa yamekupwa, haoni kitu kimoja kiitwacho mikoko. Anaona mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na anajua upi unastahimili chumvi nyingi na upi unataka maji ya kina. Mti uliokatwa nao una majina yake kwa kadiri ya unene: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Kwa hiyo ukimwambia kwamba kukata boriti kumezuiliwa lakini kuokota kuni kunaruhusiwa, mnaelewana papo hapo. Atakuuliza habari za pau, na swali lake litakulazimu kuandika kifungu kingine. Hapo ndipo ubia unapoanza kuwa ubia. Nahadharisha tu kwamba tusiifanye Gazi kuwa pepo. Hekta 117 si kitu mbele ya nyika za kaskazini, na hata huko hesabu za hewa ya ukaa hufanywa kwa lugha isiyo ya kijijini.

Hesabu hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka jamii ipewe angalau asilimia 40 katika miradi ya hewa ya ukaa inayotegemea ardhi. Asilimia 40 ya nini? Tukiandika 'mapato' tumesema jambo moja, na tukiandika 'faida' tumesema jingine kabisa. Mapato huhesabiwa kabla ya kutoa gharama. Faida ni kile kinachobaki mwenye mradi akishalipa mishahara, ndege, washauri na wakaguzi wake. Muuza samaki wa Gazi anaijua tofauti hii barabara, maana ndiyo maisha yake ya kila siku. Lakini nimesikia mikutanoni wakalimani wakiyachanganya maneno haya mawili kana kwamba ni mapacha. Jamii ikaondoka ikitarajia gunia, ikaja kuletewa kibaba.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inadai kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja, hoja inajitokeza yenyewe: thuluthi mbili hiyo haiwezi kuidhinisha maandishi isiyoyaelewa. Napendekeza kwamba mkataba wowote wa kuhuisha mazingira katika ardhi ya jamii au ya mkulima mdogo usihesabiwe kuwa halali pasipo nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa na ile ya Kiingereza, na kwamba panapotokea utata, nakala iliyosomwa mbele ya jamii ndiyo ifuatwe.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kisheria. Hoja hii imechakaa. Katiba yetu yenyewe ilitolewa kwa Kiswahili, nao majirani zetu wa Tanzania waliamua kisheria mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Pingamizi yenye mashiko zaidi ni ya mtu wa Merti au wa Mara atakayesema kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mamaye. Yuko sahihi, na Ibara hiyohiyo ya 7 inaitaka serikali iziendeleze lugha za wenyeji. Basi pawe na nakala ya Kiborana na ya Kimaasai pia. Tafsiri kutoka Kiswahili kwenda lugha hizo huwa nyepesi zaidi, kwa kuwa wakalimani wa vijijini wanakielewa Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza cha mawakili.

Kazi hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Chama chetu kina wanachama kutoka pwani, kutoka Narok na kutoka Isiolo. Katika likizo ndefu ijayo kila kundi linaweza kuomba nakala ya mkataba mmoja wa hifadhi ya kwao, ambao wanajamii wana haki ya kuupata, na kuutafsiri chini ya usimamizi wa mhadhiri na wakili mmoja. Tukirudi chuoni tulinganishe istilahi na kuandaa faharasa ndogo itakayopelekwa kwa kamati za ardhi za jamii. Neno la kwanza la kujadiliwa liwe 'mapato', kwa kuwa asilimia 40 yote imening'inia hapo.