Kamera ya Arusi na Fedha za Shule

Baba mmoja kijana, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi, ametuandikia barua ndefu. Ana mke na watoto watatu. Kwa muda wa miaka miwili amepiga picha katika arusi na ubatizo kwa kamera ya kuazima, na sasa mwenye kamera ameitaka mali yake. Amekusanya dola 600. Katika hizo, 350 ni akiba yake mwenyewe. 250 ni za mkewe, aliyezipokea zamu yake ya likelemba ilipofika, nazo ziliwekwa kwa masomo ya watoto mwezi wa Septemba. Anauliza anunue ipi katika kamera hizi za siku hizi zisizo na kioo: Canon, Sony, Nikon, Fujifilm au nyingine, maana kila muuzaji husifu yake.

Ndugu yangu, swali lako ni la kamera, lakini tutaanza na zile 250. Tuseme kila arusi ikuachie dola 30 za faida, baada ya kulipa basi, kusafisha picha na chakula cha kijana wa kukubebea taa. Ili dola 600 zirudi zitahitajika arusi 20. Ukipata mbili kwa mwezi, ni miezi kumi. Shule haingoji miezi kumi. Kwa dola 350 ni arusi kumi na mbili, yaani nusu mwaka, na hapo hakuna mtoto aliyefukuzwa darasani kwa sababu ya mashine ya baba yake. Kwa hiyo tutasema nawe kana kwamba una dola 350 tu. Zile nyingine mwulize Mama wa nyumbani kwako. Akizitoa kwa moyo wake baada ya kusikia hesabu hii yote, ni shauri lenu wawili.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Kamera za zamani za aina kubwa zina kioo ndani, kinachorusha sura ya kitu mpaka jichoni pa mpiga picha. Kioo huinuka kila mara unapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera G1, ya kwanza ya aina hii yenye lenzi za kubadilishwa lakini isiyo na kioo. Ndani yake kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, hutazama moja kwa moja kupitia lenzi, na wewe waona katika kijiskirini picha kama itakavyokuwa. Faida yake kwa mtu wa kazi ni hiyo: giza likizidi, waliona kabla ya kubonyeza, si baada ya bibi arusi kwenda zake.

Lakini yapasa ufahamu neno moja ambalo wauzaji hawapendi kulieleza. Hununui kamera, wanunua mdomo wa kamera. Kila kampuni ina mdomo wake wa kushika lenzi, na lenzi ya huyu haiingii kwa yule. Sony ilianza mdomo wake wa E mwaka 2010, Fujifilm wake wa X mwaka 2012, Canon wake wa RF na Nikon wake wa Z mwaka 2018. Panasonic na Olympus hushirikiana mdomo mmoja tangu mwanzo. Ukisha kununua lenzi mbili za mdomo fulani, umefungwa humo, kama mtu aliyejenga nyumba katika kiwanja: aweza kuhama, lakini kwa hasara.

Midomo mingine imekwisha kufa. Samsung ilikuwa na wake, ikauacha. Nikon ilitoa mmoja mdogo mwaka 2011, ikaufunga mwaka 2018. Canon nayo ilikuwa na mdomo wa EF-M kabla ya RF, na mwaka 2023 ikaacha kuutengeneza. Kamera hizo zitakuja kwako kwa bei nzuri, na utaambiwa ni bahati. Mimi sisemi uzikimbie zote. Canon M50 ya mwaka 2018 ni kamera njema bado, ina tundu la maikrofoni, na Sigma ilitengeneza lenzi za mwanga kwa mdomo wake. Mtu anayejua kwamba atanunua lenzi mbili na kuishia hapo, haimdhuru kitu. Anayetazamia kukua, asiingie humo.

Je, ununue mpya? Tufanye hesabu pamoja. Canon R100 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani karibu dola 600 pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-45. Hiyo ni bei ya huko, kabla ya safari, kabla ya Kasumbalesa. Fedha zako zote pamoja na za mkeo zimekwisha, na huna betri ya pili, wala kadi, wala taa. Na lenzi hiyo, ukiivuta mpaka mwisho wake, tundu lake la mwanga ni f/6.3. Lenzi ya kawaida ya f/1.8 hupitisha mwanga mara kumi na mbili kuliko hiyo. Maana yake ni nini katika ukumbi wa Kamalondo saa tatu usiku? Mahali ambapo lenzi ya f/1.8 yatosha kufunga picha kwa 1/125 ya sekunde, ile ndogo itataka 1/10. Katika moja ya kumi ya sekunde mtu anayecheza amekwisha kuhama mahali pake. Utampelekea bwana arusi picha ya ukungu wenye suti. Simu za wageni hufanya kazi nzuri zaidi ya hapo, nao wanazo bure. Mteja hakulipi kwa jina lililoandikwa juu ya kamera yako. Akulipa kwa kile ambacho simu ya shemeji yake haikuweza kukipata.

Basi fedha ziende kwanza kwenye lenzi, na mwili wa kamera uwe wa mtumba. Hapo ndipo mifumo inapoachana.

Sony, mwaka 2011, iliwafungulia watengenezaji wengine siri za mdomo wake, na matunda yake twayaona: lenzi za kila bei, nyingi nazo za mtumba. Canon RF ilibaki mlango uliofungwa kwa miaka mingi. Ni mwaka 2024 tu Sigma ilipotangaza lenzi zake za kujilenga kwa kamera ndogo za mdomo huo. Canon wenyewe wanayo RF 50 ya f/1.8, iliyotoka kwa dola 200, ni nzuri, lakini juu ya kihisi kidogo cha R100 huona kwa wembamba kama lenzi ya 80. Wewe wajua nyumba za kwetu: sebule ya hatua nne kwa tano, viti, meza ya zawadi, mashangazi kumi na wawili. Utarudi nyuma mpaka ukutani na bado hutawapata wote. Kwa kazi hiyo lenzi ya 30 au 35 ndiyo inayofaa. Sigma 30 ya f/1.4, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 339, ndiyo ningeitafuta, juu ya Sony a6000 ya mwaka 2014. Kamera hiyo ni ya zamani kidogo, lakini ina pikseli milioni 24, zinazotosha picha kubwa ya kutundika ukutani. Ina kasoro moja ambayo lazima uijue: haina tundu la maikrofoni. Wateja wako wakitaka sinema yenye sauti ya hotuba, tafuta a6300 ya mwaka 2016, au ile M50 niliyoitaja.

Fujifilm nitaipita upesi. Rangi zake zapendeza sana, lenzi zake zimetengenezwa kwa uangalifu, na mtumba wake haushuki bei. Siyo ya mtu wa dola 350.

Nikon Z ni kamera safi. Ila ukishawishiwa kununua lenzi za zamani za Nikon na kile kiunganishi chao, uliza kama lenzi ina mota ndani yake. Zile za zamani zilizotegemea mota ya kamera hazijilengi juu ya kiunganishi hicho. Utazungusha kwa mkono wakati bwana na bibi wanavishana pete.

Panasonic na Olympus watu huzidharau kwa sababu kihisi chao ni kidogo, milimita 17 kwa 13, karibu sehemu tatu katika tano za eneo la kihisi cha ile Sony. Ni kweli, usiku hupoteza kidogo. Lakini miili yao ya mtumba ni rahisi, na Panasonic 25 ya f/1.7 ni lenzi ya mwanga iliyotoka kwa bei ndogo. Olympus E-M10 ya pili, ya mwaka 2015, ina kihisi kinachotulizwa mkono unapotetemeka. Hilo hufaa kwa wazee walioketi na kwa sura ya kanisa, haliwasimamishi wachezaji. Olympus wenyewe waliiacha kazi ya kamera mwanzoni mwa 2021, lakini kampuni iliyoichukua, OM Digital Solutions, yaendelea na mdomo uleule. Ikiwa Sony na lenzi yake zitapita 350, hii ndiyo shauri langu la pili.

Na kuna shauri la tatu, ambalo hukuliuliza. Kamera za kioo hazijafa mikononi mwa watu. Nikon D3500 hupiga, kwa kipimo cha watengenezaji, picha 1,550 kwa betri moja. Sony a6000 karibu 360 tu, kwa kuwa skirini yake na kihisi havilali. Katika mji ambamo umeme wa SNEL hukatika bila kuaga, tofauti hiyo si ndogo. Ukichagua Sony, hesabu betri tatu ndani ya bei, usizisahau. Walakini a6000 huchajiwa kwa waya wa USB, hata kwa kile kibenki cha kuchajia simu au kwa bamba la jua. Si kila kamera hukubali hivyo, nayo M50 haikubali. Uliza kabla ya kulipa.

Kabla ya kuamua, fanya safari moja. Nenda kwa wapiga picha wenzako, wa Place de la Poste na wa komini nyingine, uulize kila mmoja ana mdomo gani. Ikiwa watatu katika marafiki zako wana Canon, na wako tayari kuazimana lenzi na betri siku ya Jumamosi, jambo hilo laweza kuangusha yote niliyoyaandika hapo juu. Katika kazi hii mtu hukwama saa nane mchana mbele ya kanisa, wala hakwami dukani.

Watu wengi walianza na kidogo. Jean Depara, ambaye picha zake za usiku wa Kinshasa zimetazamwa mpaka Ulaya, alinunua Adox ndogo mwaka 1950 ili kupata picha za arusi yake mwenyewe. Na hapa kwetu Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alifanya kazi iliyomjulisha ulimwenguni, Mémoire, kwa kuunganisha picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na picha alizopiga mwenyewe katika viwanda vya Gécamines vilivyobomoka.

Siku ya kununua, nenda mchana, na uende na mtu. Funika lenzi, piga picha moja ya giza, uikuze: nukta nyeupe zisizohama ni kihisi kilichochoka. Mulika lenzi kwa tochi. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, irudishe. Fungua orodha ya lugha: Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hazibadiliki. Chukua taa ya flashi utakayoitumia, uijaribu papo hapo, kwa sababu Canon wameondoa pini ya katikati katika baadhi ya kamera zao rahisi, kama 250D ya mwaka 2019, na taa nyingi za bei ndogo hazilii juu yake.

Vumbi letu jekundu walijua. Kamera isiyo na kioo, ukitoa lenzi, kihisi chake huwa wazi kama jicho. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, usibadilishe lenzi barabarani. Zima kamera, elekeza mdomo wake chini, fanya upesi, na ikiwezekana ndani ya nyumba. Na mwenye lenzi moja ya 30 hana haja ya kubadilisha. Hiyo nayo ni sababu ya kuanza na moja.

Kadi za kumbukumbu zenye majina makubwa zimejaa sokoni, na nyingi zimeandikwa 128 juu na ndani hazina hata 16. Ukinunua, ijaze yote nyumbani kwa sinema ya ukuta mtupu, kisha uitazame mpaka mwisho, kabla hujaichukua kwenye arusi ya mtu.