Watu wa Chama Kimoja Wanaposhindana kwa Miezi Mitano

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, husikika barazani na majumbani kauli moja: chama kinachogombana chenyewe kwa muda mrefu kimekwishampa mpinzani wake ushindi. Kauli hiyo ina sura ya ukweli, na wengi huipokea bila ya kuihoji. Tumeona bora wiki hii tuipime kwa mfano unaojulikana mno, nao ni mchuano wa Barack Obama na Hillary Clinton ndani ya chama cha Democratic, huko Marekani, mwaka 2008. Tumeuchagua kwa kuwa ulikuwa mrefu kupita kawaida, na kwa kuwa ndani yake jina la Uislamu, pamoja na picha iliyopigwa Wajir, Kenya, viligeuzwa silaha. Watoto wetu wanaokua hivi sasa hawakuyaona hayo, na ni haki yao kuelezwa.

Kwanza tueleze utaratibu, kwani bila ya kuufahamu mtu hawezi kujua kwa nini mambo yalikawia. Wamarekani hawamwachii mkutano mkuu wa chama peke yake kazi ya kumteua mgombea urais. Kila jimbo lina siku yake ya mchujo. Katika jimbo hilo wagombea hugombania wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaokwenda kumthibitisha mgombea katika mkutano mkuu. Mwaka ule safari ilianza Iowa, tarehe 3 Januari, ikaishia Montana na South Dakota, tarehe 3 Juni. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, kwa hiyo anayeshindwa katika jimbo kwa kura chache huondoka na wajumbe karibu sawa na aliyeshinda. Wenzao wa Republican, katika majimbo mengi, walimpa mshindi wajumbe wote au sehemu kubwa yao. Ndiyo maana John McCain alikwishamaliza kazi yake tarehe 4 Machi, wakati Obama na Clinton walikuwa hawajafika hata nusu ya uchovu wao. Wengi hudhani urefu ule ulitokana na ukaidi wa watu wawili. Ukaidi ulikuwapo, hatukatai, lakini sehemu kubwa ya urefu ilikuwa ni hesabu.

Tarehe 5 Februari majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura kwa siku moja, na wajuzi wa mambo walitarajia usiku ule umpate mshindi. Haukumpata. Obama akashinda michuano yote iliyobaki ya mwezi wa Februari. Clinton akajibu kwa kuchukua Ohio mwanzoni mwa Machi. Kisha likaja pengo la takriban wiki sita bila ya jimbo lolote kubwa kupiga kura, hadi Pennsylvania, tarehe 22 Aprili.

Wiki sita hizo ndizo zilizoleta madhara kuliko miezi yote mingine. Wagombea walikuwa barabarani, waandishi wa habari walikuwa nyuma yao, na hapakuwa na kura za kuhesabu. Kilichobaki cha kuhesabiwa kikawa ni maneno. Zilitolewa khutba za Jeremiah Wright, mchungaji wa kanisa alilokuwa Obama akiabudu Chicago, zikarudiwa katika televisheni mchana na usiku, hata akalazimika kusimama Philadelphia tarehe 18 Machi kulihutubia taifa juu ya suala la rangi. Likatolewa neno alilolisema San Francisco kuhusu uchungu wa watu wa miji midogo, neno ambalo wenyewe walilisikia kama dharau. Upande wa pili, Clinton alisimulia jinsi alivyotua Bosnia mwaka 1996 chini ya risasi, na televisheni zikaonesha mkanda wa siku ile akipokewa kwa utulivu, na binti mdogo akimkaribisha.

Yako maneno ambayo mtu humwambia mwenzake wa chama kimoja, yakabaki yakimsubiri. Clinton alipata kusema kwamba yeye ana uzoefu wa maisha, McCain ana uzoefu wa maisha, na Obama ana hotuba moja aliyoitoa mwaka 2002. Ilipofika Agosti, mchujo ukiwa umekwisha na Clinton amekwishamuunga mkono Obama, kambi ya McCain iliyachukua maneno yake dhidi ya mwenzake ikayaweka katika matangazo yake. Haikuhitaji kutunga kitu. Sisi tunaoandika mihtasari ya vikao vya kamati tunalijua jambo hili kwa kiwango chetu kidogo: idadi ya kura za uchaguzi wa viongozi husahaulika kabla ya mwaka kwisha, lakini neno alilotupiwa mtu mbele ya watu hukumbukwa hata na waliokuwa hawapo kikaoni.

Sasa tuje kwenye linalotugusa.

Mwaka 2006, akiwa seneta wa Illinois, Obama alizuru Kenya, nchi aliyozaliwa baba yake, akafika Wajir. Wazee wa huko walimvisha vazi la heshima na kilemba, kama ilivyo ada ya Wasomali wanapompokea mgeni mkubwa. Kumvisha mgeni ni ukarimu ambao kila msomaji wetu anaufahamu, awe wa Wajir, Lamu, Unguja au Tanga. Mwishoni mwa Februari 2008, mchujo ukiwa umepamba moto, picha ya siku ile ilitolewa kwenye mtandao mmoja wa habari wa Marekani. Mtandao huo ulidai umeipata kutoka kwa watu wa kambi ya Clinton, na kambi hiyo ikakana kuidhinisha jambo hilo. Kambi ya Obama ikajibu kwa ghadhabu kwamba huo ni uchochezi wa kutia watu hofu. Angalieni vizuri jinsi mabishano yale yalivyokwenda. Mmoja alituhumiwa kwa kuitoa picha, mwingine akalalamika kwa kutolewa kwake, na kati yao hakuna aliyesimama kusema kwa sauti kwamba vazi lile ni vazi safi la watu waungwana.

Uvumi kwamba Obama ni Muislamu wa siri ulikuwa ukizunguka katika barua pepe tangu kabla ya Iowa. Obama ni Mkristo, na amelisema hilo mara nyingi mno. Tena ulikuwa msimu wa ajabu: mtu yule yule alishukiwa kuwa Muislamu na wakati huo huo akalaumiwa kwa khutba za kanisani kwake. Siku chache kabla ya kura za Ohio, Clinton aliulizwa katika televisheni kama anaamini mpinzani wake ni Muislamu. Akajibu kuwa haamini na kwamba uvumi huo hauna msingi, kisha akaongeza maneno kwamba ni hivyo kwa kadiri anavyojua. Nyongeza ile ndogo iliandikwa magazetini kwa siku kadhaa. Wapo waliosema ni kuteleza kwa ulimi, na wapo waliosema ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Hatuwezi kuhukumu nia ya mtu. Tunachosema ni kwamba swali lenyewe liliulizwa na kujibiwa kana kwamba kuwa Muislamu ni tuhuma inayohitaji kukanushwa.

Na mzigo wa kukanusha uliwaelemea Waislamu wa Marekani wenyewe. Keith Ellison, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo, alikuwa akimuunga mkono Obama, akajitolea kuzungumza kwa niaba yake msikitini huko Cedar Rapids, Iowa, mji ambao Waislamu wake walijenga msikiti tangu mwaka 1934. Wasaidizi wa Obama walimwomba asiende, wakihofia mjadala utakaozuka. Mwezi wa Juni, mchujo ukiwa umekwisha kwa wiki mbili tu, wasichana wawili waliovaa hijabu walizuiwa na watu wa kujitolea wa kampeni kukaa nyuma ya jukwaa mjini Detroit, mahali ambapo kamera zingewaonesha pamoja na mgombea. Obama aliwapigia simu akawaomba radhi, na hilo ni la kupongezwa. Lakini wale watu wa kujitolea hawakuwa wabaya kuliko wengine. Walikuwa wamefundishwa na miezi ya uvumi na kukanusha kwamba hijabu katika picha ni hatari. Hiyo ndiyo athari ya mashindano marefu ambayo haiandikwi katika hesabu ya wajumbe: hofu ya viongozi hushuka kwa wafuasi, na wafuasi huitekeleza bila ya kuamrishwa.

Ilimlazimu Colin Powell, mtu wa chama cha Republican na jenerali mstaafu, kuuliza hadharani mwezi wa Oktoba, siku alipotangaza kumuunga mkono Obama, kuna ubaya gani mtu akiwa Muislamu katika nchi ile. Swali hilo lilikuwa jepesi, na katika miezi mitano ya mchujo hatukusikia likiulizwa na wakubwa wa kambi hizo mbili kwa uwazi wa namna ile.

Hata hivyo, kauli tuliyoanza nayo ilisema chama kinachogombana kwa muda mrefu hushindwa, na Obama hakushindwa. Alipata kura 365 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 173 za McCain. Hapa yafaa tuwe waadilifu, kwani urefu ule ule uliochafua maneno ulifanya pia kazi ambayo mchujo mfupi usingeifanya. Kwa kawaida mchujo unapofika Mei mshindi amekwishajulikana, na majimbo yanayopiga kura mwezi huo hayatembelewi na mtu. Mwaka ule Indiana na North Carolina zilipiga kura tarehe 6 Mei zikiwa na uzito kamili. Wagombea wote wawili walifungua ofisi huko, wakaandikisha wapiga kura, wakaacha majina na simu za watu wa kujitolea katika mitaa ambayo chama hicho kilikuwa hakijabisha hodi kwa miaka mingi. Novemba ilipofika, Indiana ilimchagua mgombea wa Democratic kwa mara ya kwanza tangu 1964, na North Carolina kwa mara ya kwanza tangu 1976. Ushindi wa North Carolina ulikuwa wa kura zipatazo 14,000 tu. Aidha suala la mchungaji Wright, lililotikisa kampeni mwezi wa Machi, lilikuwa limechakaa lilipofika Oktoba. Bila shaka kuanguka kwa mabenki mwezi wa Septemba kuliuangusha upande wa serikali iliyokuwapo, na kupima uzito wa kila sababu peke yake ni kazi ngumu. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.

Lililobaki ni namna walivyoumaliza, na kwa maoni yetu hili lina uzito kuliko urefu wenyewe. Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ya chama ilikaa Washington kuamua habari ya Florida na Michigan, majimbo yaliyofanya mchujo kabla ya wakati na kunyang'anywa wajumbe. Ikaamua wajumbe warudishwe, kila mmoja kwa nusu kura, huku baadhi ya wafuasi wa Clinton wakipiga kelele ukumbini. Siku tatu baadaye Obama alifikisha idadi iliyotakiwa. Usiku ule Clinton hakukubali kushindwa. Alikubali tarehe 7 Juni, akiwa na madeni ya kampeni yaliyozidi dola milioni 20, na alipokubali hakubakisha neno la pembeni: aliwataka wafuasi wake wamfanyie mwenzake kazi kama walivyomfanyia yeye. Mwishoni mwa mwezi walisimama pamoja katika mji mdogo wa New Hampshire unaoitwa Unity, yaani Umoja, ambako mwezi wa Januari kila mmoja wao alikuwa amepata kura 107. Agosti, mkutanoni Denver, Clinton mwenyewe ndiye aliyeomba kuhesabu kusitishwe na Obama ateuliwe kwa kauli moja.

Linganisheni na mwaka 1980. Edward Kennedy alimpinga Rais Jimmy Carter ndani ya chama hicho hicho hadi mkutano mkuu wa New York mwezi wa Agosti. Alishindwa, akapanda jukwaani usiku wa mwisho, akampa Carter mkono wa haraka, na ile picha ya mikono miwili iliyoinuliwa pamoja, ambayo kila mtu aliisubiri, haikupatikana. Carter alikuwa na matatizo mengine makubwa, bei za vitu na mateka wa Tehran, lakini Novemba alipata majimbo sita tu pamoja na mji mkuu.

Wala ada ya kumaliza kwa heshima haitoshi peke yake, kama ilivyoonekana mwaka 2016. Bernie Sanders naye alisimama Philadelphia akaomba Clinton ateuliwe, kama Clinton alivyofanya Denver. Lakini siku chache kabla ya mkutano zilikuwa zimevuja barua pepe za makao makuu ya chama, zikionesha baadhi ya watendaji wakiegemea upande wa Clinton. Mwenyekiti wa chama alitangaza kujiuzulu, na baadhi ya wajumbe wa Sanders wakatoka nje ya ukumbi. Mwaka 2018 chama kilibadilisha kanuni: wale wajumbe maalumu, yaani viongozi na wabunge wanaoingia mkutanoni bila ya kuchaguliwa na wapiga kura wa mchujo, hawaruhusiwi tena kupiga kura katika duru ya kwanza pale ushindani unapokuwa bado haujaamuliwa. Mchujo uliofuata, wa mwaka 2020, Sanders alijitoa tarehe 8 Aprili, kabla ya Pennsylvania kupiga kura.