BEI YA STIMA NA NGUZO ILIYOOZA



Stima ikikatika kiwandani, mashini husimama na kibarua hupoteza saa zake. Halafu lawama humwangukia fundi wa waya, ati ni mvivu. Sisi twasema: msimlaumu aliye juu ya ngazi. Itazameni kanuni ya bei.

Kampuni ya waya haina mshindani, kwa hiyo bei yake hupangwa na msimamizi wa Serikali. Jinsi bei ipangwavyo, ndivyo nguzo itakavyobadilishwa au kuachwa ioze.

Tazameni Uingereza. Mwaka 1990 kampuni 12 za kusambaza stima England na Wales ziliuzwa kwa wenye mitaji. Bei iliwekewa kikomo kwa miaka kadhaa. Kampuni ikitumia pesa chini ya makadirio, baki ni faida yake. Wakubwa waliita hiyo akili. Lakini kipi hupunguzwa upesi? Ni fundi, na matengenezo ambayo ubaya wa kuyaacha hauonekani mwaka huu. Maelfu walipoteza kazi. Mwaka 2002 msimamizi aliongeza sharti: mapato ya kampuni yapande au yashuke kwa hesabu ya wateja waliokatikiwa na dakika walizokaa gizani. Miaka iliyofuata giza lilipungua. Waya ni zile zile. Kilichobadilika ni kanuni.

Hapa Kenya mpangaji wa bei ni EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Huweka kikomo cha stima ipoteayo njiani. Ikizidi hapo, hasara ni ya kampuni. Mwaka wa fedha 2023/24 zilipotea kama uniti 23 katika kila 100, kupita kikomo. Fimbo hiyo ni ya haki, lakini fimbo peke yake haileti transfoma mpya. Kampuni iliyobanwa hutafuta nafuu wapi? Kwa kibarua wa mkataba, na kwa waya uliochakaa.

Twadai haya:

1. Pesa ya matengenezo iliyomo katika bei itengwe. Isipotumika, irudishiwe mteja, isigawiwe wenye hisa.

2. Mapato ya kampuni yafuate saa za giza, mashambani sawasawa na mjini.

3. Fundi wa kudumu na usalama wake vihesabiwe kama nguzo na waya, si gharama ya kukatwa.

Kabla bei haijabadilishwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Ndugu, tuijaze mikutano hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo.