Mlango Mmoja Watosha



Sisi wa Port Bell hatuhitaji kuelezwa bandari ni kitu gani. Mahali hapa palipewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda tangu mwaka 1906, na tangu zamani mizigo ya ng'ambo ya ziwa hushushwa gatini, ikakaguliwa, ndipo ikapelekwa Kampala. Nahodha hashushi shehena yake popote apendapo ufukoni. Nashangaa basi kuona baadhi yetu, tukiisha kutengeneza seva ya Linux nyumbani kwa kompyuta kuukuu, tunaiacha wazi pande zote.

Kompyuta ina milango ya namba, zaidi ya 65,000, ambayo mafundi huiita poti. Kwa kawaida ruta ya nyumbani huwazuia watu wa nje wasiifikie. Ukitaka kuchukua faili zako ukiwa bwenini, huna budi kuiagiza ruta: ajaye kwa mlango fulani, mpeleke kwenye seva. Lakini kwanza ipe seva anwani isiyobadilika humo nyumbani, kama 192.168.1.10, la sivyo, kesho mgeni atapelekwa kwenye simu ya dada yako.

Wengine hufungua mlango wa 21 wa FTP kwa kuwa ni rahisi. FTP ilianza mwaka 1971, na kwa desturi yake ya asili hupeleka jina na neno la siri waziwazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 maneno ya siri yalinaswa katika mtandao wa chuo kikuu kimoja mjini Espoo. Ndipo Tatu Ylönen wa chuo hicho akatunga SSH, ambayo huficha kila kipitacho njiani, nayo ikapewa mlango wa 22. Kwa mlango huo huo hupita SFTP ya kuhamisha faili. Ya nini basi kufungua wa pili?

Hata hivyo, mlango bila kufuli njema ni bure. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha neno la siri jepesi. Asubuhi nikasoma kumbukumbu za seva, nikaona wageni nisiowajua wamebisha usiku kucha kwa jina la mkuu wa mashine. Nilitetemeka, kwa maana mlikuwa na hati za baba na picha za mama. Siku ile ile nikatengeneza ufunguo kwa ssh-keygen: sehemu ya siri ikabaki kwangu, ya wazi nikaiweka kwenye seva, kisha nikakataza kabisa kuingia kwa neno la siri. Wako wasemao yatosha kubadili namba 22. Hiyo hupunguza wabishaji, lakini kuificha nyumba si kuifunga.

Ukifanya yote hayo na seva bado haifikiki, huenda kampuni ya simu imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ruta haina kosa. Panga kompyuta ndogo yenye anwani ya wazi, seva yako itoke kwa SSH mpaka huko, nawe uingie kwa njia hiyo.

Nanyi mliotutangulia, mnaotaka picha za darasa lenu, msituhimize tufungue kila mlango. Tuleteeni sehemu ya wazi ya funguo zenu, nasi tutawapokea gatini. Tahadhari kabla ya hatari.