"Hapa" ni Wapi?

Kwenye kipindi niligusia ile asubuhi niliyodhani nimepoteza michango ya msiba. Leo nawapa kisa chote.

Chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Leicester kina familia 40 hivi. Niliwatengenezea programu ndogo ya Python, rekodi zote zikakaa kwenye faili moja ya SQLite. Nikaipandisha kwenye seva, nikaiwasha kwa mkono, ikafanya kazi miezi kadhaa. Cron niliiagiza iiwashe tena kila seva inapozimika na kuwaka.

Usiku mmoja seva ikawaka upya. Asubuhi shangazi, mweka hazina wetu, akapiga: "Mwanangu, tuna maiti ya kuzika, mbona wote tunasoma sifuri?"

Kosa lilikuwa neno moja. Kwenye kodi niliandika "michango.db" tu, maana yake: itafute hapa ulipo. Sasa hapa ni wapi? Nilipoiwasha kwa mkono, nilikuwa ndani ya folda ya programu. Cron yenyewe huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Na SQLite isipoikuta faili hailalamiki, inakutengenezea mpya, tupu. Ni kama kumuuliza mtu kwenye simu uko wapi, akakujibu "niko hapa".

Dawa ni kuipa programu anwani kamili, inayohesabiwa kutoka pale kodi yenyewe ilipo:

from pathlib import Path
MSINGI = Path(__file__).resolve().parent
FAILI = MSINGI / "michango.db"

Msikimbilie os.chdir. Hiyo huhamisha programu nzima, pamoja na ombi la mtu mwingine linalohudumiwa wakati huohuo. Na SQLite ifungueni kwa mode=rw, ili faili ikikosekana ipige kelele badala ya kuzua nyingine.

Kabla hujalala, jaribu hivi: nenda kwenye folda ya /, uwashe programu yako ukiwa huko. Ikikwama, bora ikwame mbele yako kuliko mbele ya wafiwa.

Faili ya zamani niliikuta palepale, salama. Nikampigia shangazi: "Rekodi zipo, kompyuta ilipotea njia tu."

Akaniuliza, "Kompyuta, au wewe?"

Mimi, shangazi.