Picha njema ni ile inayosimulika

Ukitaka kusikia mabishano ya sinema katika mji wetu wa Mombasa, nenda Mama Ngina jioni ya Jumapili, baada ya Alasiri. Keti mahali panapoelekea bahari, karibu na mibuyu, nunua mihogo yako iliyotiwa ndimu na pilipili, kisha tega sikio. Mbele yako meli zinaingia Kilindini, na nyuma yako watu wanashindana. Mmoja atasema kuwa picha za Kihindi za zamani ndizo picha, hizi za leo ni kelele tupu. Wa pili atamkata kauli na kumwambia kuwa hata hizo za zamani zilikuwa upuuzi, steringi anapigwa risasi saba na bado anaimba. Wa tatu, na mara nyingi huwa ni mzee mwenye tasbihi mkononi, atasema kuwa sinema zote hazina kheri, na afadhali watu wakasome.

Mimi si mjuzi wa sinema. Sikuisomea kazi hiyo wala sijui kamera inavyoshikwa. Ni mtazamaji wa nyumbani tu, ambaye baada ya Isha hukaa na jamaa zake mbele ya televisheni. Lakini huu ni mwaka wa tatu nimepata kipimo cha kupimia picha, na kwa maoni yangu ni bora kuliko vipimo vyote nilivyovisikia pale ukutani. Kipimo chenyewe nilipewa na mama yangu mzazi.

Mama alizaliwa Unguja, akaolewa Mombasa mwaka 1963. Katika usichana wake Unguja palikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake watupu, na yeye na dada zake walikuwa wakivaa mabuibui yao na kwenda. Huko ndiko alikoiona Mother India, iliyotoka mwaka 1957, na Mughal-e-Azam ya mwaka 1960. Mpaka leo anaweza kukueleza jinsi Madhubala alivyocheza katika ukumbi wa vioo, na vile vioo vya dari vikamwonyesha mara elfu moja. Alitoka katika sinema zile na Kihindi cha kutosha kumkaripia mtu.

Kisha zikaja kaseti za video. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1980 katika Mji wa Kale: deki moja, kanda moja ya kuazima, na watu kumi na tano chumbani, wengi wao kina mama wa jirani. Hapakuwa na maandishi ya kutafsiri, na kama yalikuwapo yalikuwa ya Kiingereza. Mama ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Jambo hili halikuwa la nyumba yetu peke yake. Mtafiti mmoja, Minou Fuglesang, alikaa Lamu na kuandika kitabu kizima juu ya wasichana wa huko na video zao, kilichotolewa Stockholm mwaka 1994. Wazungu wameona kuwa jambo hilo lastahili kitabu, na sisi wenyewe twalionea haya hata kulizungumza.

Sasa mama haoni. Ni presha ya macho. Daktari alitueleza kuwa maradhi hayo yakishauharibu mshipa wa jicho, nuru iliyopotea hairudi. Alilipokea jambo hilo kwa subira kunishinda mimi. Mwezi wa kwanza tuliizima televisheni kwa kumstahi. Usiku mmoja akauliza, "Mbona nyumba kimya? Kafa nani?" Tukaiwasha. Picha ilipokuwa inaendelea akanigeukia: "Basi nambie, mwanangu. Kafanya nini sasa?"

Tangu usiku huo nimekuwa macho ya mama, na ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nikitazama bila ya kuona.

Nianze na iliyo nyepesi. Sholay, ya mwaka 1975, husimulika yenyewe. Kuna yule Thakur aliyejifunika shali wakati wote, na mtazamaji hajui kwa nini mpaka mwisho wa kisa chake, shali inapoanguka na kumbe hana mikono, adui Gabbar Singh aliikata. Nilipofika hapo nikavuta pumzi ili nimweleze mama. Akanitangulia: "Sasa shali itaanguka." Aliiona zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na bado imo kichwani mwake. Picha ya namna hiyo huwezi kuiita upuuzi, hata kama risasi zake haziishi.

Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 16, hupenda picha za kupigana. Siku moja nilikuwa kazini, ikawa zamu yake kumsimulia bibi yake. Nilipoingia niliwasikia. "Anampiga, bibi." "Kwa nini?" "Sijui. Bado anampiga." "Huyo anayepigwa kafanya nini?" Kijana hakuwa na jibu, na picha ilikuwa imekwenda saa nzima. Sikumwambia neno. Aliizima mwenyewe.

Zipo picha za Wazungu zinazotuhusu. Eye in the Sky, iliyotolewa mwaka 2015, hadithi yake ni ya Eastleigh, Nairobi, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Wakubwa wa kijeshi wa Uingereza na Marekani wana ndege isiyo na rubani angani, na chini kuna nyumba yenye watu wanaojifunga mabomu. Wanataka kuilipua. Lakini kando ya ukuta wa nyumba hiyo kuna mtoto wa kike anauza mikate aliyooka mamake. Picha yote ni hiyo: je, mikate itakwisha mtoto aende zake kabla ya kombora? Mama alikuwa akiniuliza kila dakika, "Imebaki mingapi?" Barkhad Abdi, Msomali, anacheza kama mpelelezi anayejaribu kuinunua yote ili mtoto aondoke. Mwisho mtoto anauawa. Mama akakaa kimya, kisha akasema: "Wana macho mpaka angani, na mtoto wakamwona. Kisha?"

Maoni yangu ni kwamba hiyo ni picha nzuri, na ina ila. Uzuri wake ni kuwa mtu asiyeona aliweza kuihesabu mikate. Ila yake ni kuwa wale wakubwa wamepewa nafasi ya kuzungumza, kusitasita na kuumwa na dhamiri, lakini watu wa mtaa wenyewe, wengi wao Waislamu kama sisi, huonekana kutoka juu kama sisimizi. Ndiyo hali ya picha nyingi zinazotengenezwa juu ya watu wa dini yetu. Si kwamba zote zinatutukana. Zinatutazama tu kutoka mbali.

Nilitaraji basi kuwa picha ya kwetu itakuwa tofauti. Mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania alitoa Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi inayohusu Unguja ya wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozwa, kisha anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Nilidhani mama atafurahi, ni mji wake. Sema kweli, nilipata tabu. Picha inapendeza mno: vichochoro, mwangaza, nguo, bahari. Lakini watu wake husema kidogo, na mimi nikawa narudia, "Wanatazamana, mama." "Bado?" "Bado." Ilipokuja taarabu akachangamka, ikisha akasinzia. Kesho yake akasema, "Nisomee kitabu chake." Tukakisoma, kurasa chache kila usiku, naye akawa ananisahihisha majina ya mitaa. Kwa hivyo sitasema kuwa picha ile ni mbaya. Nasema kuwa ilitengenezwa kwa macho matupu, na watu wa pwani ni watu wa maneno.

Tamthilia za televisheni, kwa upande mwingine, zina maneno kupita kiasi. Sultana, iliyoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2022, mhusika wake mkuu ni msichana asiyeona, na kwa sababu hiyo mama aliifuata kama jamaa yake. Aina hii ya tamthilia ina desturi ya kumfanya kila mwenye hila ajisemee peke yake kwa sauti. Mimi ilikuwa ikinikera. Mama akaniambia, "Wewe yakukera kwa sababu unaona." Nikanyamaza.

Picha niliyoogopa kumsimulia kuliko zote ni Ar-Risalah, ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976. Najua kuwa wako wanazuoni wasioridhia Masahaba kuigizwa. Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka na amwulize shehe wake. Nasimulia yaliyotokea kwangu tu. Katika picha ile Mtume, rehema na amani zimshukie, haonyeshwi uso wala hasikilizwi sauti. Watu humwelekea mtazamaji wakasema, kisha hungoja, na maneno yake hupokewa na wengine. Mara ya kwanza mama aliponiuliza, "Yuko wapi?" nikamjibu, "Haonekani, mama. Sote hatumwoni." Akashika mkono wangu. Kwa saa tatu zile mimi na yeye tulikuwa sawa. Bilali alipopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, sikuwa na la kumweleza. Alikuwa analia.

Sasa nieleze lililonitia haya, maana nimeahidi maoni ya kweli. Tulikuwa tukitazama mchezo mmoja wa Kimarekani uliosifiwa sana. Ghafla wakaingia chumbani, mwanamume na mwanamke, na yakawa hayo yanayokuwa. Nikanyamaza. "Wanafanya nini?" akauliza mama. Nikasema, "Wanazungumza." Akasema, "Wanazungumza bila ya sauti?" Watoto wakacheka. Nami nikacheka, lakini hakumaliza. Akasema kwa upole, bila ya kunikaripia: "Kama huwezi kunambia, wewe unatazama nini?"

Neno hilo limenikaa. Wengi wetu tuna kanuni kuwa picha njema ni ile unayoweza kuitazama na mzazi wako. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini tumejifunza kuikwepa: mzazi akiondoka twaendelea, au twajifungia na simu. Kipimo cha mama hakikwepeki. Jiulize tu, wakati uko peke yako, kama haya unayoyatazama ungeweza kumsimulia mtu unayemheshimu. Machafu hayasimuliki kwa sababu ya haya. Ya kipuuzi hayasimuliki kwa sababu hamna kitu ndani yake. Yanayobaki ni machache, nayo ndiyo yanayostahili usiku wa mtu.

Kwa hivyo, kwa yule mzee wangu wa Mama Ngina mwenye tasbihi, namjibu kwa heshima. Mzee, kweli usemayo kuwa uchafu ni mwingi. Lakini ukiizima televisheni ya sebuleni hujaizima simu iliyo chini ya mto wa kijana. Sinema za mjini tulizokuwa tukienda sote, kama Regal na Naaz, zimekwisha. Ile deki ya watu kumi na tano nayo imekwisha. Leo katika nyumba moja watu watano wanatazama picha tano, kila mtu na waya zake masikioni, na hakuna anayemwuliza mwenziwe, "Kafanya nini sasa?" Hatari kubwa naiona hapo, kuliko katika picha yenyewe. Mtoto anayejua kuwa ataulizwa huchagua.

Mwanangu siku hizi humletea bibi yake picha aliyoichagua mwenyewe, mara moja kwa juma. Nyingi si nzuri, na bibi humwambia hivyo. Lakini nimemsikia akiitazama kwanza peke yake, akinong'ona, anajifunza jinsi atakavyoisimulia.

Jumapili iliyopita nilimchukua mama Mama Ngina kupunga upepo. Tukakaa. Nyuma yetu walikuwa wakibishana juu ya picha, kama kawaida. Meli ikapiga honi mlangoni mwa Kilindini. Akauliza ni meli gani, nikamwambia ni ya makontena. Akauliza ni ya rangi gani, inaingia au inatoka, na juu yake kuna watu wangapi. Nilikuwa nimeitazama meli ile kitambo, na sikuwa nimeona hata mtu mmoja. Ikanibidi nitazame tena, na kweli walikuwapo: wanaume wawili, wameegemea chuma, wanaitazama Mombasa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aje ukutani.